Noti Iliyofuliwa

Kwenye daftari la klabu, ukurasa wa Oktoba,
nimeandika: *Chokaa ya mistari, yuro hamsini.*
Chokaa hatukununua.
Mistari ya Jumapili ile niliichora kwa masalio ya mwaka jana,
nikazidisha maji, hata eneo la penalti
likawa kama ahadi ya mlevi:
lipo, ukikaza macho.

Chokaa jina lake Lennart.
Miaka ishirini na mitatu, na mguu wa kushoto unaojua kusoma.
Nilimtoa kwa majirani, ng'ambo ya reli,
kwa bahasha ya kahawia kila baada ya mechi,
nyuma ya kibanda cha soseji, moshi ukitusitiri.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Hawakusema wa kuujaza atoe wapi.

Mimi ndiye niliyetoa, niulizeni mimi.
Soseji na mkate, yuro tatu; faida, senti tisini.
Bia ina nafuu, kama mvua haikunyesha,
na huku kwetu bonde la Ruhr, mwezi wa Novemba,
mvua ni mwanachama wa kudumu.
Langoni wazee arobaini na mmoja,
wengine wamesahau pochi nyumbani
tangu mgodi ulipofungwa.
Nimepiga hesabu usiku, mke wangu amelala:
mechi moja ya Lennart
ni soseji hamsini na sita.

Burkhard, beki wa kushoto, yeye hulipa.
Ada ya mwaka, yuro tisini na sita, bila kukumbushwa,
mwaka wa kumi na tisa sasa,
ili apigwe mateke na vijana wa watu.
Goti lake hulia kama mlango wa ghala.
Aliniuliza: "Ottmar, mashine ya nyasi itatengenezwa lini?"
Nikasema spea hazipatikani.
Akaamini. Hilo ndilo linaloniwasha.

Maana tulishinda, sitadanganya.
Mabao matatu siku moja, Aprili, matope mpaka kwenye nyusi,
na wazee wale wasio na pochi
wakakumbatiana kama waliorudi vitani.
Nami nililia. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda.

Jumatatu alikuja Waltraud, anayefua jezi.
Alianza mumewe akiwa kipa;
mumewe sasa ni picha juu ya kaunta, naye bado anafua,
sabuni yake, umeme wake.
Akaweka mezani noti ya hamsini, safi, imenyooka,
kibanio cha mbao bado kimeing'ata pembeni.
"Soksi ya kushoto, namba tisa," akasema.
"Bahasha imekuwa uji. Mwandiko ulibaki kidogo.
Naujua mwandiko wako."

Nilingoja anifokee.
Alitazama nje, goli lisilo na wavu.
"Miaka ishirini na sita nimegeuza soksi hizi.
Nimekuta funguo, tiketi za tramu, jino la mtu.
Pesa, hii ya kwanza."
Halafu: "Mpe mwenyewe, ni jasho lake.
Lakini mwambie zinachuja rangi."
Akachukua kibanio chake, akaondoka.

Juni Lennart akahamia kwa wanaotoa themanini na petroli.
Alinipa mkono vizuri, akanitazama usoni.
Sina kinyongo; kodi ya nyumba hailipwi kwa vigelegele.
Tumepanda daraja, na huko juu
refa ni ghali zaidi, na safari ni ndefu.

Nimefungua ukurasa mpya.
*Sabuni. Waltraud. Miaka ishirini na sita.*
Safu ya pesa iko wazi.
Kila nikishika kalamu, Burkhard anapita dirishani
na mashine yake ya nyumbani, ndogo kama kigari cha mtoto,
anapita, anarudi, anapita,
goti likilalamika juu ya mngurumo,
na nusu ya uwanja bado.